Mwanangu anajua A mpaka Z ila mwalimu kasema hayuko tayari kwa shule, nifanyeje?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, nalifupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka mitano mwezi wa kumi na moja. Anajua A mpaka Z, anahesabu mpaka mia, Kiingereza cha kwenye katuni anakiongea vizuri tu. Tulimpeleka intavyuu shule moja ya ingilishi midiamu, akalia nusu saa, akamsukuma mtoto mwenzie, akagoma kukaa kwenye kiti, mwalimu akatuambia hayuko tayari. Baba yake amekasirika, anataka tutafute shule itakayokubali aruke awali aanze darasa la kwanza kwa kuwa kusoma anajua. Bibi yake anasema mpelekeni tu akachapwe huko atanyooka. Tunaishi wenyewe, mtoto anashinda na dada wa kazi, mimi na baba yake tunarudi usiku. Je nimuache nyumbani mwaka mmoja zaidi au nimpeleke hivyo hivyo?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa hiyo siku, najua inavyouma mtoto wako akilia mbele za watu halafu wazazi wengine wanakuangalia kama vile humlei. Nimefundisha darasa la awali miaka kumi na moja kabla sijaenda kusomea makuzi ya watoto, nimepokea watoto mlangoni Januari baada ya Januari, kwa hiyo nikupe jibu kwanza ndo nieleze. Mpeleke awali Januari. Usimrukishe, na usimuache nyumbani mwaka mzima, kwa sababu kile anachokosa hakipatikani akiwa amekaa ndani peke yake. Ila hii miezi mitatu iliyobaki ina kazi, na kazi yenyewe haihitaji daftari wala tuisheni, tena ukisikia mtu anakushauri umtafutie mtoto huyu mwalimu wa tuisheni mkatalie.

Kujua A mpaka Z ni jambo zuri na sidharau. Lakini herufi ni kitu ambacho mwalimu akiwa na moyo anaweza kumfundisha karibu mtoto yeyote ndani ya miezi michache. Kitu kigumu kukifundisha ukiwa na watoto arobaini mbele yako, au tisini kama nilivyowahi kuwa nao mimi shule ya serikali, ni mtoto kusubiri zamu yake, kukubali kuambiwa hapana, kubaki bila mama, na kusema shida yake kwa mdomo badala ya mikono. Hata mtaala wetu wa awali wa 2016, uliotumika kabla ya huu wa 2023, ukiusoma utakuta kuhusiana na kuwasiliana viliwekwa kama umahiri wa kujengwa, pamoja na kutunza afya na mazingira, sanaa na hisabati. Wazazi wengi wanadhani awali ni KKK tu, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na shule nazo zinawapa wanachotaka, ndo maana mtoto wa miaka minne anarudi na homuweki kurasa tatu.

Ngoja nikupe mfano. Kuna mwaka nilipokea watoto wawili wiki moja. Wa kwanza alikuwa anasoma maneno mazima, baba yake alimsimamisha ofisini kwa mwalimu mkuu akasoma kalenda ya ukutani, wote tukapiga makofi. Wa pili alikuwa hajawahi kushika penseli, alipopewa aliishika kama mtu anayeshika mchi. Siku ya tatu uji umekuja, yule wa pili akapigwa kikumbo na mwenzie kikombe kikaanguka, uji wote chini. Akausimamia akautazama, midomo inatetemeka, nikasema huyu sasa analia. Hakulia. Akaja mpaka nilipo akavuta sketi yangu akasema "Mwalimu, uji wangu umemwagika, naomba tambara." Akafuta mwenyewe, vibaya vibaya lakini akafuta, halafu akanyoosha kikombe aongezewe.

Iangalie hiyo sentensi vizuri. Ameona shida, amezuia kilio, amemtambua mtu mzima wa kumsaidia, ametaja shida kwa jina na akaomba kitu kitakachoitatua. Yule aliyesoma kalenda, chaki za rangi zilipopitishwa alikuwa anachukua zote, akinyang'anywa anauma, akishindwa mchezo anajitupa chini. Mwezi wa tatu alikuwa hana rafiki hata mmoja, na ukifika asubuhi anashika tumbo linauma hataki shule. Yule wa mchi kufika likizo ya mwezi wa sita alikuwa anaandika jina lake. Sikuambii ni lazima iwe hivyo kwa kila mtoto, ila nimeliona sana, na wa kwanza hakuwa mtoto mbaya kabisa, alikuwa mtoto wa geti kali kama wako. Nyumbani hakuna mtu aliyewahi kugombania naye kitu.

Hapo ndo penye shida yako nadhani. Mtoto wako anashinda na mtu mmoja mzima ambaye kazi yake ni kuhakikisha halii mpaka mrudi. Akitaka simu anapewa, akitaka juisi anapewa, katuni ikiisha inawekwa nyingine, na dada simlaumu, akimwacha alie nyinyi ndo mtamsema. Sasa miaka mitano yote hiyo huyo mtoto amesubiri nini? Siku ya intavyuu amekuta kiti kimoja, kichezeo kimoja, watoto sita, na mama yuko nje ya mlango, vitu vyote hivyo kwa mara ya kwanza siku moja, halafu tunasema ana tabia mbaya.

Sisi tulivyolelewa hii kazi ilifanyika bila mtu kujua anaifanya. Chukua sinia. Unakula na ndugu zako watano, unakula upande wako, mkono haurukii mbele ya mwenzio, nyama huigusi mpaka mkubwa agawe. Mtoto wa miaka minne anaiona nyama ile pale, anaitaka, na anajizuia chakula kizima. Au mchezo wa nyama nyama, ule wa kiongozi anataja wanyama, akitaja ng'ombe au mbuzi mnaruka na kuitikia nyama, akitaja simba au paka hauruki, ukiruka umetoka. Wataalamu wa saikolojia wana vipimo vya kujizuia vinavyofanana na huo mchezo kabisa, mtoto anaambiwa fanya ukisikia hiki, usifanye ukisikia kile, wanaangalia kama anaweza kuuzuia mwili ambao tayari unataka kuruka. Kombolela hivyo hivyo, umejificha, kicheko kinakubana na unanyamaza. Rede, unasubiri zamu na ukipigwa unatoka bila vita, au kwa vita kidogo halafu kesho unarudi.

Pengine umesikia ule utafiti wa Walter Mischel wa chuo kikuu cha Stanford Marekani, ulioanza miaka ya 1960, mtoto anawekewa peremende laini mezani anaambiwa ukisubiri nirudi nitakuongeza ya pili. Watu wakautangaza sana kwamba anayesubiri ndo atafanikiwa maishani, ila utafiti mkubwa wa 2018 ulipoangalia na hali ya familia, uhusiano huo ulipungua sana, kwa hiyo usije ukampima mwanao kwa pipi ukaona ndo mwisho wake. Mimi kinachonivutia zaidi ni wa 2017 uliolinganisha watoto wa miaka minne wa Ujerumani na wa wakulima wa Kinso huko Kamerun, hao wa Kamerun waliwekewa kitafunwa cha kwao cha kukaanga, ndugu wa andazi letu. Watoto wa Kinso karibu 7 kati ya 10 walisubiri, wa Ujerumani hawakufika 3 kati ya 10. Hawakuwa na shule ya kifahari wala midoli ya kuelimisha, wamekulia kwenye malezi ambayo mtoto anategemewa atulie na asubiri, na anapewa mazoezi ya hilo tangu mchanga.

Sasa kazi ya hii miezi mitatu, na nakuomba baba yake na dada muwashirikishe kwa sababu ukifanya wewe jumamosi tu haitashika.

Anza na neno zamu. Litumieni ndani ya nyumba mpaka lizoeleke: sasa zamu ya dada kuchagua chaneli, zamu yako inakuja. Mwanzoni msubirishe kwa muda mdogo tu, dakika moja, na ahadi uitimize, kwa sababu mtoto anayeambiwa subiri halafu hapewi hajifunzi kusubiri, anajifunza kunyang'anya. Ukiwa unakaanga maandazi mwambie lile ni lako ila limetoka sasa hivi kwenye mafuta, likipoa utakula, na akae hapo alione. Atalalamika. Usimpe simu ya kumsahaulisha, kwa kuwa akisahaulishwa hajajizuia. Mfundishe mwenyewe kujisahaulisha, aimbe, ahesabu, aende kumwagilia maua arudi. Watoto wanaoweza kusubiri ukiwaangalia ndo wanavyofanya, wanajigeuza pembeni, wanaimba, wanacheza na vidole.

Jambo la pili ni watoto wenzie, na hili haliepukiki. Mfungue huyo mtoto. Kila siku kama inawezekana, hata saa moja jioni ile jua linapopungua, dada amtoe acheze na watoto wa jirani huku anamwangalia. Kama mtaa wako una wasiwasi tafuta watoto wawili watatu waje kwako, au mpeleke kwa ndugu mwenye watoto alale wikiendi nzima. Atagombana, na hapo usikimbilie kuamua kesi kila mara, sogea uchuchumae umpe maneno. Watoto wengi wanaopiga wanapiga kwa kukosa sentensi, sisi tumezoea kuwaambia nyamaza, hatuwapi cha kusema. Mpe hizi mzirudie kama mchezo: "naomba ukimaliza wewe nipate na mimi", "sitaki, acha", "nimekasirika", "naweza kucheza na nyie?" Hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko zote hata kwa mtu mzima.

Jambo la tatu ni kuachana na wewe. Kilio cha nusu saa kwenye mazingira mapya kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano aliyezoea watu watatu tu ni kitu cha kawaida, ningeshangaa asingelia. Kosa ninaloliona kila Januari ni mama kumtoroka mtoto. Mwalimu mwenyewe anamkonyeza mama, "mpotezee uondoke", mtoto anageuka mama hayupo, na kuanzia hapo kila siku anakung'ang'ania mara mbili yake maana ameshajua ukimwacha kidogo tu unapotea. Muage. Kwa kifupi, bila kurudi nyuma mara tatu kumbusu, na umwambie utakuja lini kwa lugha yake, sio saa sita na nusu ambayo haijui, mwambie mtakunywa uji, mtacheza, mtaimba, mtasikia kengele, mimi nitakuwa pale kwenye mti. Halafu uwe pale kwenye mti kweli, na kama ni dada ndo atamchukua sema ni dada, usimdanganye hata siku moja hasa wiki mbili za kwanza. Kabla ya Januari mzoeze, muache kwa shangazi masaa mawili, kesho yake matatu, kila ukiondoka aga na kila ukisema unarudi rudi. Mpeleke pia aione shule watoto wakiwa hawapo, aone darasa, bomba la maji, na choo.

Choo nakisema kwa makusudi. Mtoto aliyezoea choo cha kukaa ndani ya nyumba akikutana na tundu na giza anaweza kujibana mpaka mchana. Mzoeze kuchuchumaa, kujitawaza mwenyewe, kunawa, kuvua na kuvaa kaptula. Mshipi usimvalishe, lastiki inatosha. Na kwa hizi ingilishi midiamu kuna kitu kinaniumiza sana, mtoto anaambiwa siku ya kwanza kwamba hapa hatuongei Kiswahili, anabanwa, hajui aombe vipi, anaogopa, anajikojolea, watoto wanamcheka. Kiingereza cha katuni hakimsaidii kwenye hilo. Mwalimu anamuona hajibu, haendi akiitwa, anaandika mkaidi, kumbe haelewi anachoambiwa. Huko vijijini ni hivyo hivyo, mtoto wa Kisukuma au Kimasai anakutana na Kiswahili darasani kwa mara ya kwanza, ananyamaza mwezi mzima wanamwita mzito. Ukienda kwenye shule yoyote uliza swali moja: wiki za kwanza mtoto akitaka choo akasema kwa Kiswahili mnamfanyaje? Jibu la mwalimu litakuambia mengi kuliko ada na rangi ya majengo.

Na hilo linanipeleka kwenye shule iliyowakataa. Mwalimu aliyekuambia hayuko tayari amekuambia kweli nusu. Mtoto hayuko tayari kwa shule ile, iliyopanga kumkalisha kwenye kiti dakika thelathini akijibu maswali ya mtu asiyemjua. Tafuta darasa la awali ambalo ukichungulia saa nne asubuhi unakuta watoto wanacheza kwenye kona zao, vizibo, udongo, mchanga, wanaongea, na mwalimu amechuchumaa. Ukikuta wote wamekaa mistari wanaimba kufuata ubao kuanzia asubuhi, nenda kwingine hata kama ni maarufu.

Shemeji yangu baba mtoto mwambie hivi kwa heshima. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka awali mwaka mmoja mtoto akiwa na miaka mitano, darasa la kwanza miaka sita, na awali sio hiari tena. Huyu anatimiza mitano Novemba, Januari yupo mahali pake kabisa. Akimrukisha atakaa na watoto wanaomzidi mwaka mzima au zaidi, na kwa umri huu mwaka mmoja ni sehemu ya tano ya maisha yake yote, wataandika, watafunga kamba za viatu, watakimbia kumzidi, na yeye ambaye tayari anasumbuka na wenzie atakuwa mdogo wao wote. Kusoma atakuwa anajua, ndio. Atakaa na nani mapumziko?

Bibi naye nampa heshima yake, amelea. Ila fimbo kwa mtoto anayelia kwa hofu inamwongezea hofu, basi, hata akinyamaza ujue amenyamaza kwa hofu, hajajifunza kujizuia. Na kanuni zetu za adhabu ya viboko haziruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo, ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, kwa makosa makubwa, na inaandikwa. Kulia na kugoma kukaa kwenye kiti sio kosa kubwa popote.

Usingizi usiuchukulie poa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linasema mtoto wa miaka mitatu na minne alale masaa 10 mpaka 13 kwa siku, na kioo, yaani simu na tivii, kisizidi saa moja. Sasa nyinyi mnarudi usiku, mtoto anawasubiri mpaka saa nne, na basi la shule kwa Dar linaanza kukusanya watoto saa kumi na moja na nusu alfajiri. Piga hesabu mwenyewe. Nimeona watoto walioitwa wakorofi ambao walikuwa na usingizi tu, mtoto mdogo akichoka hasinzii kama sisi, anachangamka vibaya, anapiga, analia kwa kitu kidogo. Kama una uwezo wa kuchagua chagua shule ya karibu ya kutembea kuliko nzuri ya mbali, na mmoja wenu ajitahidi kuwahi kurudi hata siku tatu kwa wiki alale saa mbili. Najua foleni ya Tabata, nasema mjitahidi.

Kitu cha mwisho kuhusu yeye mwenyewe, kuna vitu ambavyo malezi peke yake hayavitatui. Ukimwita jina kwa nyuma bila kelele za tivii hageuki, au masikio huwa yanatoa usaha, mpeleke akapimwe usikivu kabla ya yote. Kama Kiingereza chake ni kurudia maneno ya katuni tu lakini hawezi kukuambia leo nimekula nini na nani, hakuangalii machoni, hajifanyishi michezo ya kupika au ya baba na mama, ukibadilisha njia ya kwenda dukani anachanganyikiwa, hizo zinahitaji daktari wa watoto amwangalie, inaweza kuwa usonji au kuchelewa kwa lugha, na kadri anavyoonwa mapema ndo anavyosaidika. Sisemi anayo, kwa ulivyoandika mimi sijaona hivyo, nasema angalia.

Januari ikifika usitegemee asilie. Wengi wanatulia ndani ya wiki mbili tatu, wengine wanaanza vizuri wanalia wiki ya pili wakishagundua kwamba kumbe shule ni kila siku. Siku ya kwanza mtafute mwalimu pembeni umwambie vitu vitatu: jina analoitwa nyumbani, kinachomtuliza akilia, na anavyosema akibanwa. Kwenye begi usijaze vitabu, weka maji, kaptula moja na chupi mbili za ziada, na umuonyeshe mwenyewe mfuko zilipo ili ikitokea ajue pa kuchukua bila kuuliza mbele ya watu.